UZI: England walivyowatoa manesi kwenye simu ya ushauri wa afya ili kuokoa pauni chache, na gharama ilikohamia

Mtu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa bima kuna ndugu kaandika kuwa simu ya ushauri wa afya haihitaji manesi: wekeni vijana wenye kompyuta, wasome maswali, gharama itashuka zaidi ya nusu. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likarefuka mpaka nikaona naharibu uzi wa watu. Nimelileta hapa.

Mpango huo si wa kufikirika. England waliutekeleza nchi nzima kati ya 2010 na 2014, na sisi tuliokuwa huku kwenye kazi za afya tuliuona ukipangwa, ukizinduliwa na ukigonga mwamba.

Kilichokuwepo kabla kiliitwa NHS Direct (NHS ni huduma ya afya ya umma ya Uingereza). Kilianza Machi 1998 kwa majaribio ya sehemu tatu, Lancashire, Milton Keynes na Northumbria, na ilipofika mwisho wa 2000 England yote ilikuwa imefikiwa. Unapiga 0845 46 47 saa yoyote, anapokea mtu wa kuandikisha jina na shida yako, kisha unaunganishwa na nesi aliyesajiliwa. Nesi naye alikuwa na kompyuta inayomwongoza. Tofauti ni kwamba alikuwa na ruhusa ya kuipinga. Kompyuta ikisema "hospitali" na yeye masikio yake na miaka yake wodini vikisema "mpe maji, mfunike kiasi, nipigie asubuhi", alifuata alichoona, akaandika sababu, akabeba dhamana kwa namba yake ya usajili.

Mwaka huohuo wa 1998 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Wiltshire. Simu za wagonjwa za jioni, usiku na wikiendi zilipokewa na manesi kabla ya kufika kwa daktari wa zamu. Karibu nusu ziliishia kwa nesi, na hakukuonekana ongezeko la vifo. Kwa hiyo nesi wa simu alikuwa amepimwa, hakuwa urembo wa serikali.

Sasa kasoro, maana najua mtaniuliza. NHS Direct ilikuwa ghali, simu moja ilikuja kufikia zaidi ya pauni 20. Namba ya 0845 haikuwa bure, na ukipigia mkononi salio lilikuwa linakatwa vibaya, kwa hiyo maskini ndiye aliyelipa zaidi. Usiku wa shughuli nyingi ulisubiri nesi akupigie. Madaktari wa familia nao walinung'unika kuwa inawarudishia wagonjwa walewale. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza iliikagua mwaka 2002, ikakadiria kuwa kama nusu ya gharama zake zinafidiwa na watu iliowazuia wasiende kwa daktari au hospitali bila sababu. Nusu. Shikeni hiyo.

Ikaja 111. Namba fupi, rahisi kukumbuka, bure kutoka simu yoyote. Mpaka hapo hakuna mwenye akili aliyepinga. Majaribio yalianza Agosti 2010 huko County Durham na Darlington, kisha Nottingham, Lincolnshire na Luton. Mwezi huohuo ikajulikana kuwa waziri wa afya, Andrew Lansley, anakusudia 111 ichukue nafasi ya NHS Direct moja kwa moja. John Prescott, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa Labour, akaanzisha kampeni ya kukusanya saini mtandaoni, watu wakasaini kwa maelfu, haikusaidia.

Ndani ya 111 mpokeaji si nesi. Ni mtu aliyefunzwa wiki chache, anayeongozwa na programu inayoitwa NHS Pathways. Manesi wapo, wachache, wamekaa pembeni kusubiri kuitwa. Maswali yanaanzia juu kabisa kwa mambo yanayoua haraka: anapumua? anavuja damu? kifua kinambana? Kila jibu zuri linafuta hatari moja na kushuka ngazi. Hatari isipofutika, programu inakimbilia usalama: gari la wagonjwa, au idara ya dharura, au uonane na daktari ndani ya saa kadhaa. Imetengenezwa hivyo makusudi, na silaumu. Mtu asiye na taaluma hapaswi kuachiwa aseme "hii itapita yenyewe".

Ila ndiyo maana akiba ile ni ya macho tu. Nesi analipwa kwa sababu anaweza kulifunga jambo palepale kwenye simu. Ukimwondoa, simu inakuwa nafuu, lakini jambo halifungwi, linasukumwa mbele kwenda kwa mwenye bei kubwa zaidi. Aliyeandaa bajeti ya simu anapongezwa, wa magari ya wagonjwa anashika kichwa.

Chuo Kikuu cha Sheffield kilipewa kazi ya kutathmini yale majaribio. Matokeo, yaliyochapishwa 2013: simu za NHS Direct kwenye maeneo hayo zilishuka kwa asilimia 19.3, jambo la kutarajiwa. Idara za dharura hazikupungukiwa na watu. Safari za magari ya wagonjwa ziliongezeka kwa asilimia 2.9. Asilimia 2.9 ni ndogo mpaka uizidishe kwa nchi nzima.

Kabla tathmini haijasomwa vizuri, zabuni zilishatangazwa.

Hapo ndipo sehemu inayonikera. England iligawanywa mikataba 46. NHS Direct yenyewe, ile ile yenye manesi, ikaingia kugombea ili isife, ikashusha bei mpaka kati ya pauni 7 na 9 kwa simu, kazi iliyokuwa ikiifanya kwa zaidi ya 20. Ikashinda mikataba 11, yenye karibu theluthi ya wananchi. Machi 2013, kuelekea Pasaka, maeneo mengi yakawashwa kwa pamoja. Chama cha madaktari, BMA, kilikuwa kimeshaonya kuwa bado. Wikiendi ile watu walisubiri mpaka wakakata, wengine wakaenda hospitali wenyewe, na baadhi ya maeneo yakawarudisha madaktari wa zamu wapokee simu kama zamani. Simu zilichukua muda mrefu kuliko makadirio, na kwa bei ile kila simu ilikuwa hasara. Julai 2013 NHS Direct ikatangaza inataka kujitoa kwenye mikataba yake yote. Tarehe 31 Machi 2014 ikafungwa.

Vituo vilivyofungwa viliondoka na manesi wenye uzoefu wa miaka ya kusikiliza. Wengine walirudi wodini, wengine walistaafu.

Nawasilisha.

Kipanga wa Kibaha

Mkuu ndefu sana hii, tuko kazini. Kwa kifupi?

Mtu wa Zamu

Walipima bei ya simu, hawakupima bei ya alikotumwa mpigaji.

Kipanga wa Kibaha

Sawa nimeelewa. Rahisi ghali. Naendelea kusoma jioni.

Mhasibu Asiyelala

Mleta uzi umeandika vizuri ila umependelea upande. Mimi nafanya hesabu za taasisi za umma, niruhusu niwe adui kidogo.

Kwanza, simu nyingi si za kitabibu. Dawa ya presha imeisha na kliniki imefungwa, jino linauma, duka gani la dawa liko wazi Jumapili. Ya nini kumlipa nesi wa daraja la 6 la mishahara ya NHS kwa swali la duka la dawa?

Pili, namba ya bure inaleta watu wengi. Leo 111 inapokea zaidi ya simu milioni moja kwa mwezi. Ukiwaweka manesi watupu kupokea zote hizo, utawatoa wapi? Kila utakayemweka kwenye simu umemtoa wodini.

Tatu, mbona hukuitaja Scotland? Walianzisha NHS 24 mwaka 2002, manesi ndio uti wa mgongo, na ilipofika 2005 ilibidi iundwe tume huru ya kuichunguza kwa sababu manesi hawakutosha, wapigaji wakawa wanaambiwa "tutakupigia" halafu wanakaa masaa. Nesi bora ambaye hapatikani anamsaidia nani?

Mtu wa Zamu

Mhasibu, hoja ya kwanza na ya tatu nakupa. Tume ya Scotland ya 2005 ilisema kweli, ule mtindo wa kupanga watu foleni ya kupigiwa uligeuka hatari yenyewe. Hata NHS Direct ilikuwa na ugonjwa huo.

Lakini angalia Scotland walivyouponya. Hawakuwafukuza manesi. Walipunguza foleni, wakaongeza vituo, wakaongeza wapokeaji wa kuchuja zile simu zako za duka la dawa, manesi wakabaki kwa yanayowahusu. Namba ya 111 wakaichukua 2014 bila kubomoa nyumba. Kwa hiyo tusigombee kama mpokea simu awepo. Awepo. Mimi nauliza nyuma yake kuna manesi wangapi, na anawafikia kwa dakika ngapi.

Hoja ya pili sikupi. Nesi mmoja wa simu anapowabakiza nyumbani watu ambao wangejaa idara ya dharura, hajapunguza nguvu kazi ya wodi, ameiongezea.

Mpare Mbishi

Hizi ni siasa tu za chama cha Conservative kubana matumizi. Labour wasingethubutu.

Mtu wa Zamu

Mpare, punguza ubishi. Namba 111 Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, iliitenga kwa ajili hiyo mwaka 2009, Labour wakiwa madarakani, na majaribio yalikuwa yameandaliwa na wao. Lansley alichofanya ni kuligeuza jaribio kuwa mbadala na kuliwekea tarehe kabla majibu hayajatoka. Lawama igawanywe.

Sista wa Midlands

Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Mimi nesi, nimefanya wodi ya watoto na baadaye nikakaa kwenye simu, sehemu sitaitaja. Naona mnabishana hela, hakuna aliyesema nesi anafanya nini kule.

Mama anapiga saa 8 usiku, mtoto ana homa. Simuulizi nyuzi ngapi kwanza. Namwambia, mama, mlete mtoto karibu na simu halafu nyamaza kidogo. Nasikiliza. Mtoto anayelia kwa hasira na kuipiga simu teke ananipa amani. Aliyelegea, anayetoa kilio chembamba kama kinachotoka mbali, huyo ananisimamisha kwenye kiti. Kisha namwambia mama atazame kifua, aseme "sasa" kila kinapopanda, nami naangalia saa. Kwa dakika moja najua anapumua kwa kasi gani na hakuna kifaa chochote nyumbani kwake.

Halafu rangi. Swali kwenye skrini linataka kujua kama mtoto amekuwa wa bluu au ana upele usiofifia ukibonyezwa kwa glasi. Mwambie hivyo mama wa Kikongo au wa Kisomali mwenye mtoto mweusi tii, atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli, haoni. Mimi namwambia afungue mdomo wa mtoto, aangalie ulimi na fizi, ageuze kope, aangalie viganja na nyayo. Msomaji wa skrini haruhusiwi kuongeza swali lake, na hata angeruhusiwa, hajui la kuongeza.

Kuna jambo jingine dogo. Watu wetu huku hawalalamiki. Mwanaume wa Kipemba ana maumivu ya kifua anasema "najisikia vibaya kidogo tu, mke wangu ndiye kanilazimisha nipige". Ukilichukua neno lake kama lilivyo, umempoteza. Nikisikia "mke kanilazimisha" mimi ndiyo nazidisha maswali.

Kisauni Boy

Sista umenigusa hapo kwa wanaume wa Pwani, babangu ndivyo alivyo.

Mhasibu Asiyelala

Shikamoo Sista. Swali la heshima: si yote hayo yanaweza kuandikwa kwenye programu? Ulimi, fizi, nyayo, kuhesabu pumzi. Ukishayaandika, kijana yeyote atayasoma.

Sista wa Midlands

Marahaba. Mengi yameandikwa na programu inaboreshwa kila mwaka, sikatai. Lakini kilio hakiandikiki.

Si maneno yangu. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja huko Cornwall alifariki kwa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouzidi mwili nguvu, baada ya mama yake kuhangaika kwa madaktari na kupiga 111. Ripoti ya NHS England ilitoka Januari 2016. Tusiwe waongo, ripoti ile haikuilaumu 111 peke yake, na madaktari waliomwona kabla walikosa mambo. Ila kuhusu ile simu ya mwisho ilisema kuwa laiti ingepokewa na mtu wa tiba badala ya mshauri anayefuata kompyuta, pengine kilio kile kingetambuliwa kuwa cha mtoto aliye taabani. Na ikasema programu yenyewe haikuwa na makali ya kutosha ya kuinusa sepsisi.

Mpare Mbishi

Poleni sana wazazi wale. Hapo sina ubishi.

Kijana wa Kodi

Wakuu mnaongelea mambo ya 2013. Leo kuna akili mnemba, inapokea simu elfu kwa mpigo, haichoki, haidai posho ya usiku. Hata Kiswahili inaongea. Manesi wa simu wataisha tu, tukubali.

Mtu wa Zamu

Kijana, wazo hilo nalo lina historia. Mwaka 2017 London ya kaskazini walijaribu programu ya kampuni ya Babylon iwe mlango mwingine wa 111: unachati, inakuuliza, inakuelekeza. Kampuni ikasifiwa mpaka kwa mawaziri, ikaenda kuuza hisa Marekani, na 2023 ikafilisika. Kufilisika kwake hakuthibitishi kuwa teknolojia ni mbovu, sitaki kukudanganya. Kunaonyesha tu kuwa ahadi ya "nafuu" mara nyingi hutolewa na mtu ambaye hatakuwepo hesabu ikifungwa.

Na kanuni ileile inabaki. Mashine isiyo na dhamana itasema "nenda hospitali" kila ikipata shaka, kwa sababu hakuna anayeishtaki kwa kukutuma. Ikilegezwa iwe na ujasiri wa kusema "baki nyumbani", nani anaweka sahihi? Nijibu hilo kwanza ndipo tuongelee posho ya usiku.

Kijana wa Kodi

Sahihi ataweka daktari mmoja anayesimamia mashine mia.

Sista wa Midlands

Mwanangu, huyo daktari mmoja atalala saa ngapi?

Mhasibu Asiyelala

Tumalize hesabu basi, maana mnanifanya nionekane sina utu. England wenyewe walijirekebisha au la?

Mtu wa Zamu

Walijirekebisha kimyakimya. Machi 2017 NHS England ilitoa mpango wake, ndani yake lengo kwamba simu za 111 zinazopata tathmini ya mtaalamu zipande kutoka asilimia 22 hadi zaidi ya 30 ifikapo Machi 2018. Sababu waliyoitaja wenyewe ni kuhakikisha wanaoelekezwa idara ya dharura au gari la wagonjwa ni wale tu wenye kuhitaji kweli. Baadaye wakajenga vitengo vya tathmini vyenye manesi, madaktari, wafamasia na wahudumu wa dharura nyuma ya wapokea simu, wakiwarudia hasa wale ambao programu ilitaka kuwapelekea gari la wagonjwa bila hali ya kutishia maisha.

Yaani manesi waliotolewa mlango wa mbele wamerudishwa mlango wa nyuma, ila sasa ni kwa kuajiri na kufunza upya, wengi wa zamani wakiwa wameshatawanyika. Gharama ya kubomoa na kujenga upya haiko kwenye ile bei ya pauni 7 hadi 9.

Mhasibu Asiyelala

Hapo umenipata kidogo. Tatizo basi ni jinsi mkataba ulivyoandikwa. Ukimlipa mtoa huduma kwa idadi ya simu, atafupisha simu. Ningekuwa mimi, ningemlipa pia kwa wasioonekana hospitali ndani ya siku mbili zinazofuata.

Sista wa Midlands

Ukimlipa kwa wasioonekana hospitali, atawazuia hata wanaostahili kwenda. Lazima upime pande zote mbili, waliotumwa bure na waliozuiwa wakaumia. Ndiyo maana kila simu inarekodiwa na wasimamizi wanazisikiliza baadhi kila mwezi. Hiyo nayo ni kazi ya nesi, mwekee mshahara.

Mama Pacha Dodoma

Samahani wakuu, na sisi ile 199 ya Wizara ya Afya nyumbani iko kundi gani? Ni bure, hilo najua.

Mtu wa Zamu

Dada, 199 ilianza na shabaha tofauti, taarifa na milipuko ya magonjwa, watu wengi wameijulia kwenye korona. Siwezi kuiweka kwenye mizani moja na NHS Direct. Ila siku ikitangazwa kupanuliwa kuwa ya ushauri wa mgonjwa mmoja mmoja, uliza maswali mawili kabla ya kupiga makofi: nani anaruhusiwa kumwambia mpigaji abaki nyumbani, na gari la wagonjwa likihitajika linatoka wapi. England walikuwa na magari ya kuwatuma watu ovyo. Kwetu, mpokea simu akisema "nenda hospitali sasa hivi" kwa mama aliye kijijini Mpwapwa usiku, amemwagiza akodi bodaboda.

Mama Pacha Dodoma

Umenena. Na bodaboda ya usiku bei yake unaijua.

Kisauni Boy

Mimi niko Leicester na mamangu amekuja kunitembelea, Kizungu hakipandi. Akiugua nikiwa kazini, akipiga 111 atasaidiwa vipi?

Sista wa Midlands

Mfundishe aseme jina lake na neno "Swahili" mara tu simu ikipokewa, arudie mpaka wamsikie, asikate hata kukiwa kimya. Watamtafutia mkalimani kwenye simu, hatalipia. Mwandikie kwenye karatasi anwani ya nyumba na msimbo wa posta, tarehe yake ya kuzaliwa na dawa anazotumia, ibandike kwenye friji. Na kama ni kifua au kupumua, asipige 111, apige 999, namba ya dharura, moja kwa moja.